Mama alimeza dawa hadi figo zikafa, sasa nimeandikiwa mimi

BARUA

Shikamoo mshauri,

Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili. Haya ninayokuandikia hakuna mtu nyumbani kwangu anayeyajua.

Mama yangu alifariki kwa figo. Kabla ya hapo aliishi na sukari na presha kwa miaka mingi. Aligundulika siku alipokwenda kutafuta miwani. Daktari wa macho alimchungulia kwa muda mrefu, kisha akamwambia aache habari ya miwani, akapime sukari kwanza. Akaenda, ikaonekana iko juu sana, akaanzishiwa dawa. Wakati anaanza alikuwa mzima, anafanya kazi zake zote, analalamikia magoti tu na miguu kufa ganzi. Magoti alikuwa anayatuliza kwa vidonge vya maumivu vya kununua dukani.

Alianza na kidonge kimoja. Vikawa viwili, vikaja vya presha, mwisho akawa na kile kiboksi chenye vijumba vya Jumatatu hadi Jumapili, na mimi ndiye niliyekuwa namjazia. Kuna nyakati alikuwa anaviacha, anasema amepata nafuu, halafu akirudi hospitali anaongezewa. Kila wakimwongezea, wakipima damu, kreatinini, ile taka ambayo figo hutakiwa kuitoa kwenye damu, imepanda. Hatimaye wakasema figo zimefeli, aanze kusafishwa damu kwa mashine.

Nilikuwa nampeleka mimi, mara tatu kwa wiki, anakaa kwenye kile kiti kama saa nne. Walimtengenezea mshipa mkononi wa kuingizia sindano. Ukiweka kidole juu yake, unausikia unatetemeka, hauachi hata akiwa amelala. Mpaka leo nikishika mkono wa mtu pale karibu na kiwiko nashtuka.

Sasa ni zamu yangu. Kazini walikuja watu wa kupima afya, presha yangu ikaonekana iko juu. Nikaenda hospitali, wakanipima siku mbili tofauti: 148/94, halafu 146/92. Wakachukua damu na mkojo. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilitoa asilimia 6.1, wakasema sijawa na kisukari ila niko mlangoni. Figo zinachuja mililita 82 kwa dakika. Kwenye mkojo kuna protini kidogo, wameandika albumini 68. Daktari alikuwa na foleni hadi nje. Akaniandikia losatani, kidonge kimoja kila siku, akasema itashusha presha na kulinda figo, nirudi baada ya wiki mbili kupima damu.

Nilinunua. Boksi liko kwenye droo ya kazini, sijalifungua, na siku ya kurudi imeshapita zamani. Siumwi popote. Lakini najiona tayari niko kwenye kile kiti. Naamini nikimeza kidonge cha kwanza nitakuwa nimeanza safari ya mama. Wifi yangu anamfahamu mtu anayeuza mitishamba ya kusafisha figo, nimewaza nijaribu hiyo kwanza.

Mume wangu sijamwambia. Anazungumzia mtoto wa tatu na mimi pia namtaka, ingawa mimba ya pili nilipanda presha, miguu ikavimba, nikajifungua kabla ya siku. Baadaye ilishuka, ikaisha.

Halafu kuna mdogo wangu wa kiume, ana miaka 34. Amenenepa tumbo, usiku anaamka mara kwa mara kukojoa, na siku hizi hatoki bila chupa ya maji. Tulipomzika mama alisema mbele ya watu wote: "Mimi sipimi chochote, bora nife bila kujua." Nikimwambia akapime ataniuliza mimi nimepima lini. Kumwambia yeye ni kujitangaza mwenyewe.

Nianze dawa au nisianze? Na nimwambie nani?

Ni mimi, mwenye hofu


JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole sana kwa kumpoteza mama, na pole kwa miaka yote ile ya kumpeleka na kumrudisha. Watu humpa pole mgonjwa, wakamsahau anayekaa pembeni ya kile kiti akihesabu saa. Hofu yako haikutoka hewani. Umeyaona kwa macho yako mambo ambayo wengi husimuliwa tu.

Umeniuliza juu ya kidonge. Lakini ndani ya barua yako yumo mama, yumo mtoto ambaye bado hajatungwa, na yumo mdogo wako. Naomba nianze na mama, kwa sababu naona ndiye aliyeshika mfuniko wa boksi hilo.

Unaamini alikuwa mzima, akaanza dawa, figo zikafa. Mpangilio wa matukio ndivyo ulivyouona, sibishani nao. Ila nikusomee maneno yako mwenyewe: daktari wa macho ndiye aliyemshtukia, na miguu ilikuwa imeshaanza kufa ganzi. Sukari huchukua miaka kuharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho kiasi cha daktari kuiona, na kwa watu wengi ganzi ya miguu nayo huja polepole namna hiyo. Kwa hiyo siku mama alipomeza kidonge cha kwanza, inaelekea sana kwamba ugonjwa ulikuwa umeishi mwilini mwake miaka kadhaa bila jina. Na mishipa midogo ya jicho ina ndugu zake kwenye figo. Kila figo ina vichujio karibu milioni 1, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba kupita kiasi. Figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, na karibu yote hurudishwa kwenye damu; kinachotoka kama mkojo ni lita 1 au 2 tu. Sukari ikikaa juu, na presha ikisukuma kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, vichujio hivyo huanza kupata makovu kimoja kimoja. Vilivyobaki hubeba kazi ya vilivyokufa. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo huku kreatinini ikionekana ya kawaida na mwili haulalamiki.

Ugonjwa ulikuwa unakwenda, na dawa zikawa zinaongezwa kuufukuzia. Wewe uliyejaza vile vijumba uliziona dawa kwa sababu dawa zinaonekana na kuhesabika. Makovu hayakuwa na mtu wa kuyahesabu.

Hata hivyo sitaki kukuambia kwamba ulichokiona ni ndoto. Kuna dawa zinazoumiza figo, na mojawapo umeitaja bila kuishtukia: vidonge vya magoti. Kama vilikuwa vya kundi la diklofenaki au ibuprofeni, vikimezwa mara kwa mara na mtu mwenye sukari na presha, figo huumia. Siwezi kujua ni kiasi gani vilichangia kwa mama, na tafadhali usilibebe hilo kama lawama. Nalitaja kwa ajili yako, maana wewe bado unaweza kuchagua cha kumeza kichwa kikikuuma.

Na losatani nayo niizungumzie kwa ukweli wote. Dawa za kundi lake hupunguza msukumo ndani ya vile vichujio, na hiyo ndiyo kazi inayozuia protini kuvuja. Kwa sababu hiyohiyo, mwanzoni kreatinini inaweza kupanda kidogo. Madaktari huvumilia ongezeko la hadi asilimia 30 hivi, wakijua kwamba mbele ya safari figo hudumu zaidi. Potasiamu, aina ya madini yaliyo kwenye damu, nayo inaweza kupanda. Ndiyo sababu uliambiwa urudi baada ya wiki mbili, na natamani daktari angepata dakika mbili za kukueleza hivyo. Mtu anayetumia dawa hii akiharisha au kutapika sana hadi kuishiwa maji, anatakiwa kuuliza mara moja kama aisimamishe kwa muda. Chumvi mbadala nyingi nazo zina potasiamu, hivyo si salama kuzitumia na dawa hii bila kuuliza.

Sasa tuangalie karatasi yako, maana naona umeisoma kwa macho ya msibani. Figo zinazochuja 82 ziko mbali mno na mashine. Kusafishwa damu huanza kujadiliwa uwezo unapokuwa chini ya 15 au karibu na hapo. Albumini 68 imezidi, mwisho wa kawaida ni 30, na hiyo ni ishara ya kuichukulia kwa uzito. Ila imepimwa mara moja tu. Homa, maambukizi ya mkojo, mazoezi mazito ya siku iliyotangulia, hata hedhi, vyote vinaweza kuipandisha. Ugonjwa sugu wa figo hautajwi mpaka hali idumu walau miezi mitatu. Muda huo umekuwa unapita huku boksi likiwa kwenye droo, na kipimo cha pili cha mkojo kingeweza kukuambia jambo ambalo mimi na wewe hatuwezi kulikisia.

Kitu kingine. Barua yako nzima ni figo, figo, figo. Moyo hukuutaja hata mara moja. Watu wengi wenye ugonjwa wa figo hawafiki kamwe kwenye mashine. Kinachowawahi ni moyo au kiharusi. Mwaka 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kilianza kuuita mkusanyiko huu wa unene, sukari, figo na moyo kwa jina moja, kwa sababu mishipa ni ileile na kila kimoja kinamvuta mwenzake. Sikuongezei hofu, najaribu kuipanua kidogo ili isikae mahali pamoja tu. Anayeshusha presha kwa ajili ya figo anaushushia na moyo.

Njia zilizo mbele yako nitakueleza nilivyozielewa, nawe utazipima.

Unaweza kuanza dawa. Faida yake nimekwisha kuieleza. Hatari yake kwako wewe si figo, ni jambo ulilolipitisha haraka sana kwenye barua: mtoto wa tatu. Losatani haitumiki kwenye ujauzito, inaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni. Je, daktari alijua unapanga mimba? Sidhani, kwa foleni ile. Zipo dawa za presha ambazo wajawazito wamezitumia kwa miaka mingi, kama methildopa na nifedipini, na daktari anaweza kupanga lini utumie ipi. Wengine huamua kutumia dawa inayolinda figo kwa kipindi fulani pamoja na uzazi wa mpango, kisha wanabadilisha kabla ya kushika mimba. Wengine huanza moja kwa moja na ile ya mimba. Sharti lake ni moja: anayeandika dawa ajue nia yako.

Na ile presha ya mimba ya pili, binti yangu, uliambiwa imekwisha. Iliyokwisha ni ile ya wakati ule. Mwanamke aliyepata presha ya mimba hubaki na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha na magonjwa ya moyo baadaye, na mimba nyingine inaweza kuirudisha. Ndiyo sababu kwa wanawake wenye historia kama yako madaktari wengi huanzisha aspirini ya kiwango kidogo kuanzia wiki ya 12 hivi. Hakuna hapa kinachosema usizae. Kinachosemwa ni kwamba mimba ya tatu ipangwe ukiwa unajua namba zako, na mume wako akizijua.

Unaweza kusubiri, ukafanyia kazi mwili kwanza. Njia hii ina heshima yake, si ya kubeza, hasa upande wa sukari. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwafuatilia watu 3,234 waliokuwa mlangoni kama wewe. Waliopunguza kama asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kutembea kwa haraka tu, walipunguza uwezekano wa kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, zaidi hata ya waliopewa dawa ya metifomini, ambao walipunguza kwa asilimia 31. Kwa hiyo 6.1 yako haijaamua chochote. Kwa presha, chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai ukijumlisha na iliyojificha kwenye vyakula vya pakiti, inasaidia kweli. Hatari ya njia hii ni kwamba protini ikiwa kweli inavuja, kila mwezi wa kusubiri unalipwa na vichujio, navyo vikifa havioti tena. Kwa mtu mwenye presha peke yake daktari anaweza kukubali miezi kadhaa ya kujaribu. Akiona na protini kwenye mkojo, mara nyingi hupendelea dawa na mazoezi viende pamoja. Ukichagua kusubiri, isiwe kusubiri kwa droo. Iwe kusubiri kwenye tarehe iliyoandikwa, na mashine ya presha nyumbani: kaa dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usiofunikwa na nguo usawa wa moyo, upime asubuhi na jioni na kuandika. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi tayari ni presha ya juu.

Mitishamba ya wifi ndiyo njia inayonitia wasiwasi kuliko zote. Sidharau mimea, dawa nyingi za hospitali zilianzia huko. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakimeza mchanganyiko wa mitishamba ya kupunguza uzito walianza kufika hospitali figo zikiwa zimekufa, wengine wakiwa vijana kabisa. Ikaja kugundulika kwamba ndani yake ulikuwamo mmea wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu inayoua figo. Hawakuambiwa. Mtu anayekuuzia kitu cha kusafisha figo muulize kuna nini ndani, kwa kiasi gani, na nani atakupima kreatinini baada ya wiki mbili. Wifi anakupenda, ndiyo maana anakutafutia. Unaweza kumshukuru bila kumeza.

Kuhusu mume wako, nakuuliza tu: unachoogopa hasa ni nini? Kwamba atakuona mgonjwa? Kwamba ataacha kumtaka mtoto? Au kwamba ukilitamka kwa sauti litakuwa kweli? Hili la mwisho nalisikia sana kwa watu waliouguza. Wewe unamjua, mimi simjui, na zipo ndoa ambazo habari ya ugonjwa hugeuzwa silaha. Kama yenu si hivyo, fikiria kwamba anapanga mtoto bila kujua kitu ambacho wewe unakijua. Siku akikijua akiwa kwenye kordo ya wodi ya wazazi, pengine ataumia zaidi kwa kufichwa kuliko kwa presha yenyewe. Unaweza kwenda naye kliniki na kuacha daktari aeleze, ukikosa maneno.

Kwa mdogo wako sitakuambia kwa upole sana. Kiu, kukojoa usiku mara kwa mara, tumbo, na mama mwenye sukari: hizo ni sababu za kupima mapema, bila kungoja nyote mkubaliane. Yale maneno aliyoyasema kwenye mazishi yalikuwa maneno ya mazishi. Naye alimwona mama kwenye kile kiti. Ukimwendea na mahubiri atarudia kauli ileile. Unajiuliza utakwepaje swali lake la "wewe umepima lini", lakini mimi nadhani jibu la swali hilo ndilo lenye nguvu kuliko ushauri wowote. Mtu anayeambiwa "nimepima, nimekutwa hivi, naogopa, twende wote" hupata shida zaidi kukataa kuliko anayeamriwa. Hatari ipo: anaweza kukutangaza kwa ukoo, anaweza kukasirika. Kama hilo huliwezi sasa, mtafute anayemsikiliza, rafiki yake au mke wake kama anaye, na umwambie dalili tu bila kutaja habari zako.

Lakini umwangalie kwa jicho la karibu. Akianza kukonda ghafla huku anakula, akitapika, akilalamika tumbo, akipumua kwa kina na haraka au akiongea kama aliyechanganyikiwa, hapo siri zote ziwekwe pembeni, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na mpokezi aambiwe apimwe sukari kwanza.